Aliyoyasema Mama Kwenye Santuri

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na jamaa, mimi ni Vernita, mtoto wa pekee wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, kazi ambayo sikuitaka, kwa sababu mengine ya kwake nimeyajua kwa kuchelewa.

Marehemu Ernestine Tolliver alizaliwa tarehe 9 Machi 1930 huko Demopolis, Alabama, akasoma hapo hadi darasa la nane, na mwaka 1948 akapanda treni kuja hapa Detroit, ambako alipata kazi ya uhudumu katika wodi ya wazazi, akaifanya kwa miaka thelathini na moja. Tarehe 11 Juni 1949 alifunga ndoa na baba yangu, Cleotis, fundi wa kiwanda cha magari, aliyetutangulia mwaka 1988, na mimi nikazaliwa tarehe 2 Mei 1951.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jambo jingine, msijifanye hamjui. Huko wodini aliona wasichana wakija kujifungua bila kujua mtoto anatokea wapi, ikamuuma, akaanza kuyasema mambo hayo ya uzazi kwa utani kwenye karamu za Jumamosi sebuleni kwa Bi. Odessa, jirani yetu, watu wakacheka hadi machozi, na mwezi Septemba 1962 yakarekodiwa humo humo sebuleni, ikawa santuri, ikauzwa kwa siri kwenye maduka ya vinyozi, imefungwa kwenye karatasi ya kaki. Ilipopigwa, sisi watoto tulipelekwa nyumba ya pili, na nakala yetu Mama aliificha ndani ya jalada la santuri ya kwaya, akijua sitaligusa, maana kwaya nilishaisikia ya kutosha kanisani.

Mimi niliambiwa maneno mawili tu, "Jitunze, Vernita," nikadhani anataka nivae koti. Tarehe 20 Januari 1968, nikiwa na miaka kumi na sita, nilimzaa Lamont, huyu mliyemwona akibeba jeneza, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini shule yangu iliishia hapo, na Bi. Odessa alisema mbele yangu, "Ernestine, umefundisha mji mzima ukaruka nyumba yako," naye Mama akaendelea kumenya viazi.

Tarehe 14 Oktoba 2004 Mama alipatwa na kiharusi, kikamwondolea usemi, na baada ya wiki tatu, nikitafuta nyimbo za kumfariji, nikalifungua jalada la kwaya. Niliipiga santuri yeye akiwa kitandani, sauti yake ya ujana ikasema, "Wasichana, mara ya kwanza nayo inahesabiwa, tumbo halina siku ya majaribio," watu wakaangua kicheko, kisha, humo humo kwenye santuri, Bi. Odessa akamuuliza Mama kama mimi, binti yake, nami nitapigiwa santuri hiyo, naye akajibu, "Yule siiachii santuri imfundishe, nitamkalisha chini mwenyewe, akikua kidogo." Nilimgeukia, akanishika mkono, akafungua kinywa, akajaribu, akajaribu tena, halikutoka neno. Alifariki tarehe 3 Februari 2006, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuku na viazi vitamu bila kuombwa, na wahudumu wenzake wa wodini, ambao wengine wamefika hapa kwa magongo. Mama, nilishakua zamani. Pumzika tu kwa amani.