Miaka ya Kazi ya Papa Asumani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aa, hamkuitika vizuri. Ng'ambo ya mto hawajasikia. Bwana asifiwe!

Kabla ya Pasaka nilisimama hapa hapa nikawaambia kwamba Mungu ameniokoa nisifukuzwe kazi. Mkapiga makofi. Mke wangu Veronika akaanzisha wimbo. Leo nakuja kuwaambia kwamba ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Msinune! Wokovu wenyewe ulikuja nyuma yake, nao ninausema sasa.

Mimi ni mnoaji wa misumeno. Nilipofika hapa Lubunga kutoka Yanonge nilikuwa sijui hata kushika tupa. Aliyenifundisha katika kiwanda cha mbao ni Papa Asumani, Mwislamu, mtoto wa mafundi tangu babu zake. Alinionyesha kila jino la msumeno bila kunificha kitu. Wakati huo yeye alikuwa na miaka tisa ya kazi pale, mimi sina hata siku moja. Uhuru ulitukuta pamoja kwenye jiwe moja la kunolea.

Halafu uasi ukaja. Ndugu zangu, nani hapa amesahau? Mtu akikutwa na karatasi, anaitwa mtu wa wazungu, na wengi walichukuliwa hivyo hawakurudi. Papa Asumani akachoma kitabu chake cha kazi, kile kinachoonyesha miaka ya mtu kazini, chini ya sufuria ya majani ya pondu. Watu wengi walifanya vile, na walifanya vizuri, maana walipona. Mimi changu nilikitia katika kopo la maziwa nikakifukia nyuma ya choo. Haukuwa ushujaa, ni ubishi tu, Veronika anaujua. Ofisi ya kiwanda nayo ikaungua na madaftari yake yote.

Amani iliporudi, kiwanda kikafunguliwa, lakini mashine nyingi zilikuwa zimeharibika. Direkta mpya akasema anapunguza watu, na mnoaji atabaki mmoja. Bon, sheria inasema aliyekuja mwisho ndiye anayetoka kwanza. Direkta akaniita, akafunua kitabu changu nilichokuwa nimekifukua, akasema Asumani hana karatasi, donc basi kwa kampuni yeye ameanza kazi siku kiwanda kilipofunguliwa tena. Akaniuliza kama nina neno. Ndugu zangu, nilijua ukweli wote! Nikasema sina neno. Kisha nikaja hapa kumshukuru Mungu kwa miaka niliyomwibia mtu. Ole wangu!

Jumatatu yake Papa Asumani akaja nyumbani. Nilidhani anakuja kunilaumu. Akatoa tupa yake nzuri kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi.

"Alphonse, hii tupa iko ya kwako sasa," akasema. "Yako imekwisha. Ile musumeno mukubwa haipende tupa mubaya."

Akala lituma la ndizi pamoja nasi, akacheka na watoto, akaenda zake. Asante ya punda ni mateke, wazee walisema, na punda nilikuwa mimi. Wiki nzima kila nikishika tupa ile ninanoa jino moja mara mbili na kuruka la pili. Niliharibu msumeno, mimi! Niliona haya hata kuomba.

Nikamwambia Veronika kwamba ninakwenda kusema ukweli kwa inspekta wa kazi. Yeye ana mimba, na tunao watano tayari. Akaniuliza tutakula nini. Nikasema sijui. Akaninunia siku mbili kamili. Siku ya tatu nikakuta shati langu jeupe limefuliwa na kupigwa pasi. Akasema mtu haendi mbele ya inspekta na matambara. Asante, mama. Ninasema mbele ya watu wote, asante.

Tukavuka mto kwa mtumbwi, Papa Asumani na mimi. Katikati ya maji akanisihi niache, akasema Mungu amekwisha kuandika. Nikamjibu kwamba Mungu aliandika vizuri, mimi ndiye niliyefuta.

Inspekta alikuwa Mkongomani mwenzetu, mpole, lakini macho yake makali. Akatueleza kwamba kitabu kikiungua, miaka haiungui nacho. Shahidi aliyefanya kazi na mtu anaweza kusimama na kusema. Nikasimama, nikasema yote. Akaweka kalamu chini.

"Unajua kwamba miaka yake ikihesabiwa, wewe ndiye unayetoka?"

"Najua, papa."

Haleluya! Hapo ndipo nilipookolewa! Woga uliokaa mgongoni kwangu tangu siku za uasi ulishuka pale ofisini kama gunia la mihogo linavyoshushwa bandarini. Nilipumua mpaka inspekta akacheka.

Na hakuniacha hivi hivi. Akanifundisha kwamba hata anayepunguzwa ana haki yake. Lazima aambiwe mapema, apewe nafasi ya kutafuta kazi nyingine, aandikiwe cheti cha miaka yake na ufundi wake, na kiwanda kikikua tena aitwe kabla ya wageni. Mimi nilidhani mtu akipunguzwa anaondoka tu kama kuku aliyemwagiwa maji!

Direkta alipoambiwa na inspekta amhesabie Papa Asumani miaka yake, alikasirika sana. Akanisukumia karatasi iliyosema kwamba mimi Alphonse ninaacha kazi kwa mapenzi yangu mwenyewe. Ningeitia sahihi, haki zote zingekwisha pale. Nikaisoma pole pole, kwa kidole, mpaka mwisho.

"Sitoki kwa mapenzi yangu," nikasema. "Kampuni inanipunguza. Andikeni hivyo."

Karani akamtazama direkta. Direkta akatazama dirisha. Wakaandika upya! Nikafanya kazi mpaka siku yangu ya mwisho, na siku ile niliunoa ule msumeno mkubwa vizuri kuliko siku zote. Papa Asumani akaupima kwa kidole gumba, akaurudisha kwenye mashine bila kuugusa tena kwa tupa. Wanaomjua wanaelewa hiyo ni sifa gani.

Leo ninakaa karibu na kivuko, ninanoa misumeno ya maseremala na mapanga ya wakulima. Ziko siku hakuna anayekuja, sitawadanganya. Lakini ninajivuna, ndugu zangu, niacheni nijivune katika Bwana! Cheti changu kiko nyumbani, na kila neno ndani yake ni kweli.

Wewe unayesikia kwamba kwenu pia watapunguza watu, mwamini Yesu. Usiweke kidole kwenye karatasi usiyoisoma. Usinunue nafasi yako kwa miaka ya mwenzako. Nenda kwa inspekta, na kama unaogopa, njoo kivukoni, nitavuka nawe.

Papa Asumani yuko pale karibu na mlango. Yeye ana swala yake, lakini alisema atakuja kusikiliza kama nitasema sawasawa. Papa, simama wakuone. Ndugu zangu, huyu ndiye mnoaji wa kwanza wa kiwanda chetu. Alinitangulia kwa miaka tisa, na mimi ni shahidi wake.