Kadi Haina Kijani

OPARETA: Bungoma, pokea Kitare. Dakika tatu.

RISPAH: Haloo? Hapa ni ofisi ya shule. Naongea na nani?

KEMBOI: Haloo, mwalimu. Ni Kemboi. Kemboi wa hoteli, hapa Kitale. Hujambo?

RISPAH: Sijambo, Bwana Kemboi. Habari za huko?

KEMBOI: Nzuri, ni mvua tu. Na nyumbani kwenu, wote—

RISPAH: Wazima. Ongea kwa nguvu, hii laini inakaanga mahindi. Na Form Three wananingoja maabara.

KEMBOI: Chupa zako nimepata. Dereva wa basi aliniletea jana, zote tatu, hakuna hata moja imemwagika.

RISPAH: Umepima?

KEMBOI: Nimepima. Na vipimo vyote viwili, ile ya Mjerumani ya kutia matone na ile ya karatasi ya kuchovya. Mwalimu, zote ni za uongo. Leo nakausha tangi. Mpira nimeshapitisha kwa dirisha.

RISPAH: Ngoja kwanza. Usitoe hata kikombe.

KEMBOI: Nitangoja nini? Samaki wawili wamekufa wiki hii. Mzee Nderitu, mwenye hoteli, amesema kama Jumamosi itafika na sijui ni nini inawaua, tangi inatoka risepsheni na anaweka televisheni. Ati televisheni haifi.

RISPAH: [anacheka] Amesema hivyo?

KEMBOI: Mbele ya wageni. Na tangi ikitoka, mimi pia natoka. Lakini si kazi tu, mwalimu. Ni yale mawe yangu ya bahari, matumbawe. Watu wanapita wanasema ni mawe, na yako hai. Asubuhi nikifungua pazia yanajikunjua pole pole kama vidole vya mtoto. Nimeyaletea maji kutoka Mombasa kwa mitungi, siku mbili kwa lori. Sasa yafe juu ya karatasi?

RISPAH: Ndiyo maana nikakutumia zile chupa. Hebu sikiliza. Uko sokoni, kuna mizani mbili na zinabishana. Utafanya nini?

KEMBOI: Nitatafuta ya tatu.

RISPAH: Ya tatu nayo itakuja na maneno yake. Unachukua pakiti ya sukari ambayo unajua ni kilo moja, unaiweka kwa zote mbili. Ile itasema kilo ndiyo ya kweli. Zile chupa ndizo sukari yetu. Nilichukua yale maji masafi ya bahari uliyonitumia, nikatia naitreti kwa mizani ya maabara.

KEMBOI: Naitreti ni ule uchafu wa chakula kikioza.

RISPAH: Huo huo. Najua kila chupa ina ngapi, na wewe hujui. Haya, nisomee. Chupa A?

KEMBOI: Mjerumani anasema ziro. Karatasi ziro.

RISPAH: Vizuri. B?

KEMBOI: B sasa ndiyo wameanza kugombana. Mjerumani, kama arobaini hivi. Karatasi, ziro.

RISPAH: Mh. Na C?

KEMBOI: C karatasi inasema tano. Mjerumani hata sikuandika kitu. Imetoka kijani.

RISPAH: Imetoka nini?

KEMBOI: Kijani. Kijani ya giza, kama majani chai kabla hayajaenda kiwandani.

RISPAH: Bwana Kemboi, kadi ya Mjerumani haina kijani. Inaanza manjano, inapita chungwa, inaishia nyekundu. Hakuna kijani popote.

KEMBOI: Si ndiyo hiyo nakuambia? Ni ya uongo.

RISPAH: Na hakuna naitreti ya kutoka kijani na hiyo dawa. Haiwezekani. Glasi ya C bado iko hapo?

KEMBOI: Iko hapa kwa meza.

RISPAH: Na kuna mtu karibu?

KEMBOI: Wilkista, wa kusafisha. Anapiga deki.

RISPAH: Muulize hiyo ni rangi gani. Wewe usimwambie unaona nini.

KEMBOI: Haya. Wilkista, kuja. Hii ni rangi gani? [kimya] Anasema nyekundu. Anasema kama damu ya kuku. Sasa anacheka, sijui anacheka nini.

RISPAH: Mpe kadi asome yeye. B kwanza.

KEMBOI: Soma hii. [kimya] Anasema kumi.

RISPAH: C?

KEMBOI: Hamsini.

RISPAH: B nilitia kumi. C nilitia hamsini.

KEMBOI: Kwa hivyo Mjerumani—

RISPAH: Hajakosea hata mara moja. Na karatasi anasomaje?

KEMBOI: Anasema… A ziro. B ishirini na tano. C mia.

RISPAH: Basi karatasi inaongeza chumvi. Ukitaka kujua tu kama kuna hatari, itakuambia. Hesabu kamili usiiulize.

OPARETA: Dakika tatu zimekwisha. Kitare, unaongeza?

KEMBOI: Ongeza, tafadhali. [kelele za laini] Mwalimu. Mwenye kukosea ni mimi?

RISPAH: Ni macho yako. Hayatofautishi nyekundu na kijani. Wako wengi hivyo, wanaume hasa. Hakuna mtu aliwahi kukuambia?

KEMBOI: Hakuna. Lakini huko Saboti mama alinikataza kuchuma kahawa. Alisema nachuma mbichi makusudi ndiyo nifukuzwe shambani mapema. Nilichapwa msimu mzima. Na mimi nilikuwa naona zimeiva.

RISPAH: [kimya]

KEMBOI: Haloo? Mwalimu? Imekatika?

RISPAH: Niko. Unakumbuka harusi ya dada yangu Agneta? Kimilili, mwaka jana.

KEMBOI: Nitasahau aje.

RISPAH: Ulinikuta nimeketi na shangazi zangu kwa hema. Ulisema nini?

KEMBOI: Nilisalimia. Halafu nikasema hiyo nguo yako ya kijani imekupen—

RISPAH: Endelea.

KEMBOI: Haikuwa kijani.

RISPAH: Ilikuwa nyekundu. Nilishona kwa mkono miezi mitatu. Ulipoondoka shangazi mkubwa akasema, huyu anakuangalia wewe lakini anaona nguo ya mwingine. Huyo mwingine yuko mahali, na anavaa kijani.

KEMBOI: Hakuna mwingine. Hakuwako hata siku moja.

RISPAH: Sasa najua.

KEMBOI: Niliandika barua nne.

RISPAH: Ninazo.

KEMBOI: Ulisoma?

RISPAH: Moja. Haya, zote.

KEMBOI: Na mimi nilidhani hukujibu juu ya kazi yangu. Mwalimu wa kemia na mtu wa kuosha tangi. Nikasema, wacha niache kumsumbua. Hata hii habari ya kipimo, ilinichukua wiki mbili kushika simu.

RISPAH: Nani alikuambia ninaangalia kazi ya mtu? Bana, tumalize samaki kwanza. Maji ya tangi yenyewe ulipima?

KEMBOI: Nilipima kabla ya kupiga simu. Glasi iko hapa. Niliandika tano.

RISPAH: Wacha ulichoandika. Wilkista anaona nini?

KEMBOI: Wilkista, na hii? [kimya] Anasema mia. Anasema imepita hata ile ya damu ya kuku.

RISPAH: Mia. Unawalisha nini hao samaki?

KEMBOI: Mimi kidogo tu, asubuhi. Ila mzee Nderitu kila siku saa ya chakula cha mchana anawatupia nyama ya kusaga. Ngumi nzima. Ati wageni waone vile wanapigania.

RISPAH: Basi hiyo ndiyo imeua samaki. Inaanguka kati ya mawe, inaoza. Sasa fanya hivi, toa robo ya maji leo, tia masafi. Robo nyingine kesho kutwa. Ukikausha yote siku moja utamaliza na waliobaki. Na nyama isimame.

KEMBOI: Nani atamwambia?

RISPAH: Si wewe?

KEMBOI: Ndiye ameniandika kazi. Nimwambie mzee, muuaji ni wewe?

RISPAH: Jumamosi nitakuja na chupa zangu nimwonyeshe mwenyewe, apime kwa mkono wake. Lakini leo mwambie wewe. Nikingoja Jumamosi kutakuwa na samaki?

KEMBOI: Utakuja? Wewe mwenyewe? Rispah, mzee anashuka ngazi. Ako na sahani.

RISPAH: Mzuie.

KEMBOI: Ako na wageni watatu, na mmoja ni wa kutoka—

RISPAH: Kemboi. Mzuie.

KEMBOI: [mbali na simu] Mzee. Shikamoo. Samahani, mzee, usiweke hiyo nyama. Hapana. Ndiyo hiyo inawaua… Ndiyo, mbele ya wageni, nisamehe… Tumepima. Ni mia, mzee, na wanataka chini ya kumi.

RISPAH: Anasema nini? [kelele za laini] Kemboi?

KEMBOI: Amesimama tu. Anaangalia sahani. [kimya] Amempa Wilkista airudishe jikoni.

RISPAH: Asante Mungu.

KEMBOI: Sasa anauliza ni nani huyo kwa simu yake, anayetoa amri kwa hoteli yake. [mbali na simu] Mzee, huyu ni mwalimu wa kemia, Bungoma. Ni [kelele za laini] wangu—

RISPAH: Ni nani wako? Haloo? Kemboi, katikati sikusikia. Haloo?

OPARETA: Kitare imekatika, mwalimu.

RISPAH: Alisema nini hapo mwisho? Wewe ulisikia?

OPARETA: Mwalimu, sisi hatusikirizi simu za watu.

RISPAH: Haya, samahani. Asante.

OPARETA: [kimya] Lakini alisema mchumba.