Chumba cha Mutunga

Kwenye benchi la Ajwang', muuza kahawa wa karibu na stesheni ya zamani ya Voi, kila mtu ana jina la pili. Oloo anaitwa Stesheni kwa kuwa alistaafu kazi ya reli. Munyoki anaitwa Meya kwa kuwa hajawahi kuchaguliwa. Mutunga peke yake hana, maana huongea kidogo mno. Asubuhi hiyo alikuwa na shida. Ploti ya vyumba vya kupanga anamoishi inabomolewa, goti lake limegoma, na bintiye Kavinya yuko njiani kuja kumtafutia chumba. Wasipopata mtaa ambao mzee anaweza kutembea mwenyewe, atampeleka kwake Taveta, akakae na migomba na wajukuu wanaolala saa moja.

Stesheni: Hamia mtaani kwetu Sofia. Ukifungua mlango, mguu mmoja uko sokoni, wa pili uko kwa daktari.

Meya: Na goti liko wapi? Mzee, kuja kwetu Mwakingali. Pilau, kinyozi, kanisa, zote barabara moja.

Stesheni: Kanisa? Kwetu ziko nne. Ukisinzia kwa moja unaamkia ingine.

Meya: Kwetu hata ndovu hutoka mbugani akaja kwa miguu. Na ule mwili! Angekuja kama njia ni mbaya?

Stesheni: Kwetu chapati inapitishwa dirishani. Kuna jamaa hajavaa viatu tangu Krismasi.

Meya: Labda hana!

Ajwang' alicheka hadi kahawa ikamwagika. Mutunga alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kuuliza, lakini aliona haya. Halikuwa la daktari wala la kanisa.

Kavinya akafika, akawaamkia wazee, akasimuliwa sifa zote upya.

Kavinya: Sawa. Sasa baba akitoka huko kwenu, atafika hapa kwa miguu?

Stesheni akalitazama birika. Meya akavitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na hata vumbi. Wakati huohuo bodaboda mbili zikasimama kando ya benchi.

“Wazee, twende!” mwendeshaji mmoja akaita. “Ama leo mnarudi kwa miguu?”

Mutunga akaweka kikombe chini.

Mutunga: Ajwang', kile chumba nyuma ya kibanda chako bado kitupu?

Ajwang': Kiko, lakini hutalala, mzee. Hawa wawili huanza kelele saa kumi na mbili asubuhi.

Mutunga: Ndiyo maana nauliza kabla hakijachukuliwa.