Eustaki Mponda na Chandarua cha Mkula

Mwezi Machi mwaka 2021, katika mkutano wa hadhara hapa Ifakara, afisa mmoja wa mifugo aliwatangazia wananchi kwamba bonde la Kilombero halina farasi, halijapata kuwa na farasi, na kwa sababu ya mbung'o na wadudu wengine waumao, halitakuwa na farasi. Mzee Eustaki Mponda alikuwepo, safu ya pili, na alipiga makofi pamoja na wenzake. Familia inaliheshimu tangazo hilo, na inaomba lisikilizwe pamoja na maelezo yafuatayo.

Marehemu alizaliwa Mahenge tarehe 20 Septemba 1956, mtoto wa nne wa mzee Sylvanus Mponda na mama Dorotea. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Eustaki, kwa hiyo jina halikuwa na mjadala. Alipopata kipaimara, padre alimpa picha ya somo wake: mwindaji amepiga magoti mbele ya kulungu mwenye msalaba kati ya pembe, na nyuma yake farasi mweupe anatazama pembeni, kama aliyechoka kungoja. Wenzake waliwaomba watakatifu wao. Eustaki aliuliza farasi anaitwa nani. Picha ile aliitunza ndani ya kitabu cha sala, na leo imo katika mfuko wa shati alilovaa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mahenge, kuanzia 1965 hadi 1971. Katika mtihani wa kilimo waliambiwa wachore mfugo mmoja wa wilaya ya Ulanga, naye akachora farasi. Mwalimu alimpa sifuri, na chini ya mchoro akaandika: "Wa nani?" Marehemu alikuwa akisema hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyoulizwa shuleni, na kwamba lilimchukua miaka hamsini kulijibu.

Alianza kazi Kidatu mwaka 1976, kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1991 aliajiriwa Namawala na watafiti wa malaria, akawa mtundika vyandarua: kuvilowesha dawa, kuvikagua matundu, kuvishona. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2016, na kwa muda wote huo hakupata kulala chini ya chandarua chenye tundu. Wala hakumruhusu mgeni yeyote alale hivyo, hata shemeji zake, ambao walilalamika joto.

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Theodosia, binti wa hapa Ifakara, wakajenga mtaa wa Lipangalala. Ilikuwa ndoa yenye amani hadi mwaka 2018, binti yao Violeth alipomnunulia baba yake simu ya kisasa.

Kwa simu hiyo marehemu alianzisha kundi la mtandaoni la wapenzi wa farasi wa Basuto, farasi wafupi, wavumilivu, wa milima ya kusini mwa Afrika. Mwanzoni kundi lilikuwa na watu wawili, yeye na Violeth, na Violeth aliingizwa bila kuulizwa. Kisha wakaja watu wa Mufindi, wa Arusha, wa Lesotho kwenyewe, mpaka wakapita mia nne. Swali lao la kwanza lilikuwa moja siku zote: mwenyekiti ana farasi gani? Mwenyekiti alijibu kwamba farasi ni wa Mungu, sisi ni wachungaji. Bwana Kasmiri wa Njombe aliandika kwamba jibu la namna hiyo hutolewa na watu wasio na farasi.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Theodosia alikuwa akimsikia mumewe barazani akicheka na simu, akisifu miguu ya fulani na shingo ya fulani. Siku moja alimuuliza kwa upole kabisa.

"Baba Violeth, huyo mwenye miguu mizuri ni nani?"

"Wa Mufindi."

"Ana mume?"

Marehemu alifikiri kidogo, akasema hana uhakika. Tangu siku hiyo uji wake ulipungua sukari.

Januari 2021 akaanza kwenda Mkula kila Jumamosi. Alisema anamsaidia mpwa wake Lukelo shamba. Alirudi na majani kwenye nywele. Mama Theodosia si mtu wa kuamini maneno ya watu, lakini Agosti ya mwaka huo jirani yake Siwema, muuza vyandarua sokoni, alimpongeza kwa kupata kitanda kipya, kwa maana mzee amechukua vyandarua vikubwa kuliko vyote dukani. Lipangalala hakikuwa kimefika hata kimoja. Huku kwetu jambo hilo halihitaji mfasiri. Mwanamume akinunua chandarua na hakionekani nyumbani, kuna kitanda mahali pengine, na kitanda hakitundikiwi chandarua kikiwa kitupu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akakodi bodaboda hadi Mkula.

Pale barabarani alimuuliza muuza ndizi kama anamfahamu mzee Eustaki.

"Yule wa Mwali? Mbona yupo, nyumba ile ya bati jipya. Ila Mwali mwenyewe jioni humwoni, mama. Mzee anasema mbu watamuua."

Mama Theodosia hakuuliza zaidi. Alitembea hadi kwenye bati jipya akijipangia maneno ya kumwambia mwanamke huyo, maneno ambayo familia imeona yasichapishwe. Ndani alikuta vyandarua vilivyoshonwa pamoja kwa ile mishono ya Namawala anayoifahamu, na nyuma yake kivuli kikubwa kinatafuna. Alisema, "Hodi." Hakujibiwa. Akanyanyua chandarua, akajikuta anatazamana na farasi jike wa kijivu, mzee, mwenye kope ndefu.

"Shikamoo," akasema, maana aliyelelewa vizuri husalimia kwanza.

Marehemu alitokea na ndoo ya maji. Alieleza kwamba mwanakikundi wa Mufindi, Bibi Eliza, alikuwa anafunga shamba lake, na jike hili hakuna aliyelitaka kwa uzee wake. Lilikuja kwa lori la mbao, kupitia Mikumi na Kidatu. Mwezi Machi, wakati wa yale makofi, lilikuwa Mkula tayari. Alipiga makofi ili asiulizwe. Mama hakutaka habari za lori. Alitaka kujua kwa nini yeye, mke wake, alifichwa.

"Wote wamesema atakufa," marehemu alisema. "Nikaona ningoje kwanza. Nikikuonyesha leo, akafa kesho, tutalia wawili."

Mashaka ya miaka mitatu hayaondoki kwa sentensi moja, na Mama mwenyewe anakiri kwamba alichungulia hata nyuma ya ndoo. Kisha akatoa uamuzi.

"Mlete nyumbani. Mke mwenza akae kwangu, nimwone."

Mwali aliletwa Lipangalala mwezi huohuo. Yule afisa wa mifugo alikuja, akamzunguka, akasema ni punda wa umbo kubwa. Kasmiri alipotumiwa picha iliyopigwa kupitia chandarua, alisema ni shuka kwenye kamba.

Mwaka 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Aliuguzwa nyumbani, kitanda chake kikielekezwa dirishani upande wa zizi. Alipokosa nguvu za kushusha vyandarua, Mama Theodosia alivishusha mwenyewe, naye marehemu akimkagua kwa macho na kumwonyesha kwa kidole palipobaki wazi. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 68.

Ameacha mjane, watoto watatu, Violeth, Donati na Omega, wajukuu sita, na kundi lenye mwenyekiti wa muda. Bwana Kasmiri amefika jana kutoka Njombe. Amesema amekuja kuzika, ingawa alipitia zizini kwanza.

Mungu amlaze Eustaki mahali pasipo na mbung'o.

Msafara wa makaburini utaanza saa tisa: msalaba, jeneza, kisha mjane akimwongoza mke mwenza kwa kamba. Wenye watoto wadogo wasisimame nyuma yao. Tutarudi kabla jua halijazama, kwa kuwa mjane ana chandarua cha kushusha.