Ukuta wa Upande wa Uwamariya

Sogeeni karibu, Kayitare, na wewe Illuminée, na mlango muuache wazi nipate upepo wa ziwani, maana nina neno nililolikalia mwaka mzima na leo nimeruhusiwa kulisema. Msinikatize. Pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu.

Mashamba kwanza, yasije yakasahauliwa. Lile la Nyakiriba, lenye migomba na maharage, ni la Illuminée, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba mwanamke aliyeolewa hana chake kwa baba yake. Baba ni mimi na anayempa ni mimi. Kiwanja hiki cha hapa Gisenyi, pamoja na nyumba hii iliyoachwa njiani, ni cha Kayitare. Na hapo kwenye kuachwa njiani ndipo ninapotaka masikio yenu.

Mnakumbuka tulivyorudi kutoka ukimbizini Karagwe, tuna magodoro mawili na Kiswahili ambacho watu wa hapa walikicheka wakisema tunaongea kama redio. Nilikuwa nimelala miaka thelathini na mitano katika nchi ya watu, nikajiapiza kwamba kabla sijafa nitajenga nyumba ya ghorofa, hiyo wanayoiita etaji, ili nikiamka nilione ziwa lote mpaka Goma. Siku msingi ulipochimbwa niliwaita majirani waje waone, na nilifanya hivyo kwa kiburi, sikatai. Uwamariya, mjane wa ua unaopakana na wetu, hakuja. Alikwenda kwa responsabule wa seli, mkubwa wa mtaa wetu, mkutano ukaitishwa, akasimama mbele ya watu wote na kitenge chake begani.

Akasema, "Mi sikatae muzee ajenge. Ajenge mpaka kwa mawingu. Lakini madirisha ya juu itaangalia fasi yetu ya kuogea, na sisi hatuna fasi ingine. Tutajificha wapi?"

Nami, badala ya kumjibu kama mtu mzima, nikamwambia, "Mama, uani kwako kuna nini cha kutazama zaidi ya maboga?" Watu wakacheka. Mwenyewe nilicheka kuliko wote. Nikaongeza kwamba zege la juu likishamwagwa nitapanda mwenyewe, nije niwaambie kama kuna kinachoonekana. Yeye hakucheka. Alikaa chini akitazama mikono yake.

Zege likamwagwa, likakauka. Asubuhi moja nikamwambia fundi Bizumuremyi anishikie ngazi, nikapanda polepole kwa magoti haya mabovu, nikaenda kusimama pale ambapo dirisha la chumba chako, Kayitare, lingekuwa. Nikatazama chini.

Nilimwona Pulchérie. Mnashangaa, kwa sababu ninyi na mtaa mzima mlijua kwamba binti wa Uwamariya yuko Goma kwa shangazi yake. Hakuwahi kufika Goma. Katika vita vile vya abacengezi, wale waasi waliojipenyeza, gari alilopanda kutoka Kanama lilichomwa moto, naye alitolewa akiwa hai, akarudishwa kwa mama yake akiwa amefunikwa, na tangu siku hiyo alikuwa akiishi ndani ya ua ule. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa wazi, mgongo wazi, ngozi imekunjamana kutoka sikioni mpaka kiunoni, na mama yake anampaka mafuta. Tena walikuwa wanacheka, wanangu. Sijui mama alikuwa amesema nini, ila walicheka kama wanavyocheka watu wanaojua hakuna anayewatazama. Kisha yule binti akainua macho, akaniona, na kicheko kikakatika pale pale. Hakupiga kelele. Alivuta tu kitambaa akajifunika uso.

Nilishuka, nikamwambia Bizumuremyi akusanye vifaa aende kwao, na sikumpa sababu. Wewe Kayitare ulipofika kutoka Kigali na gari la saruji, ukakuta nondo zimesimama peke yake juu ya nyumba, uliniuliza mbele ya wapakuzi, "Baba, umeshindwa na mjane?" Nikageuka kuhesabu mifuko ya saruji. Ukasema nimelishwa dawa. Wengine mtaani walisema nataka kumwoa. Wewe hukukanyaga hapa miezi saba, na kila Jumapili nilikuwa nikisikiliza magari barabarani. Ningeweza kukurudisha kwa sentensi moja, lakini ile sentensi haikuwa mali yangu. Kwa kukuacha uondoke na hasira bila neno lolote, nisamehe, mwanangu. Kwa kunitukana mbele ya watu, mimi nilikwishakusamehe kabla gari halijakata kona.

Nipe maji kidogo, Illuminée. Asante.

Siku nane baada ya kupanda kule, nilikwenda kwa Uwamariya nikasimama uani na kofia mkononi. Akaniuliza, "Uliona maboga?"

Nikamjibu, "Nilimwona binti yako, na nilipaswa kukuamini kabla sijapanda."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Bon, umeona. Utasema?"

"Sitasema."

"Hata kwa watoto yako?"

"Hata kwa watoto wangu."

Akaniletea kigoda, akanisimulia habari ya lile gari, na hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yetu, hatukuandikiana chochote. Tangu hapo uji wangu wa mtama umekuwa ukitoka kwake, ninyi mkidhani napika mwenyewe.

Alhamisi iliyopita, saa nne za asubuhi, jua limewaka, niliona mtu anaingia langoni. Ni Pulchérie. Alikuja kwa njia kuu, mbele ya wauza ndizi, kitambaa amekifunga shingoni na uso ameuacha wazi. Akakaa hapo ulipokaa wewe, Kayitare, akaniambia, "Muzee, we unakufa, na watoto yako wamekukasirikia juu yangu. Waambie. Mi nimechoka kuwa Goma na huku niko hapa." Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika, naye akacheka, na nikajisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi kichwani baada ya kupanda nalo mpaka Bugeshi. Mama yake alikuja nyuma yake, akasema sasa nyumba imalizwe, nondo zile zinamkera zaidi ya madirisha.

Kwa hiyo, Kayitare, maliza. Jenga etaji yako. Madirisha makubwa yaelekee ziwani, na baraza la juu huko huko. Ukuta wa upande wa Uwamariya usiwe na dirisha la kufunguka. Weka matundu ya mwanga juu kabisa, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu aliyesimama. Paa la juu lisiwe mahali pa kuanikia nguo wala pa kupigia soga. Ukipangisha, mpangaji aambiwe kabla hajaingiza kitanda, na ukiuza, mwambie mnunuzi mbele ya mashahidi. Pulchérie ameamua mwenyewe kutoka nje, lakini asiyetaka kuonekana kesho naye awe na pa kukaa. Umenielewa? Usitingishe kichwa, sema.

Vema.

Illuminée, usilie. Sina maumivu. Nilidhani nitakufa nimelifunga hili kifuani, na sasa... sasa ni mwepesi. Mnizike Nyakiriba, juu kidogo ya migomba, bila hotuba nyingi. Mungu awape watoto wenye adabu na majirani wenye subira. Awape usingizi mzuri katika nyumba zenu wenyewe. Mshikane mikono... hapo, hivyo. Kayitare, mkono wako umekuwa mzito kama wa... kama wa babu yako.

Sauti inakwisha. Niacheni nipumzike kidogo. Uwamariya amewapikia, wote wawili. Nendeni. Mkifika langoni, pigeni hodi... na msubiri waseme karibuni.