Sindano ya Ousseynou na Utani wa Diop

Alhamisi ya tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, daktari alimwambia mume wangu, Ousseynou Ndiaye, kwamba vidonge vya sukari havimtoshi tena, inafaa aanze sindano za insulini. Alikuwa amekonda, kiu haimwishi, na vipimo vilizidi kupanda ingawa vidonge alimeza bila kukosa. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, pale kwenye ukuta wa fundi cherehani hapa mjini Thiès, ninapouza kahawa, akawaeleza wenzake. Walikuwepo Profesa, mwalimu mstaafu. Waziri, ambaye hajawahi kushika cheo chochote. Na Diop, mtani wake, maana akina Diop na akina Ndiaye ni watani tangu enzi za mababu, huitana watumwa na walafi wa wali.

PROFESA: Sindano? Basi ndugu yangu umefika kituo cha mwisho. Mjomba wangu alichomwa Jumatatu, Ijumaa tukamswalia.

OUSSEYNOU: Daktari kasema siyo mwisho. Kasema kongosho limechoka, linataka msaidizi.

WAZIRI: Hapo ndipo penye hatari. Kongosho likiona msaidizi kaja, linastaafu. Hata mimi ningestaafu.

PROFESA: Ungestaafu kazi gani, Waziri?

WAZIRI: Tuache hayo. Sukari inaanzia miguuni. Atembee kinyumenyume mpaka stesheni, itarudi ilikotoka.

OUSSEYNOU: Si nitagongwa na mkokoteni wa farasi?

PROFESA: Usimsikilize huyo. Wewe subiri mvua. Hili joto ndilo linachemsha sukari mwilini ikawa shira. Mvua ikinyesha, inapoa.

OUSSEYNOU: Sasa nishike lipi jamani? Nisubiri mvua, nirudi nyuma, au nichome?

DIOP: Choma kesho asubuhi, mtumwa wangu. Mla wali kama wewe ukifa, nani atanilimia karanga?

Benchi zima lilicheka. Ousseynou alicheka kuliko wote, mpaka akashika ukuta.

OUSSEYNOU: Mmemsikia? Diop anataka nitangulie, anirithi sinia.

DIOP: Nakwambia choma.

OUSSEYNOU: Na mimi nakwambia, hajazaliwa Diop msema kweli.

Mimi nilisema, “Baba Fatou, msikilize daktari.” Profesa akanyoosha kikombe niongeze kahawa.

Kando yao alikuwa amesimama dereva wa lori, Mmauritania, aliyeshuka kunywa kahawa. Hatukumjua. Alimtazama Diop, kisha akamtazama mume wangu.

— Samahani wazee. Huyu bwana hapo alikuwa anatania, au anasema kweli?

Profesa alikohoa. Waziri alisema inategemea. Mume wangu alimgeukia Diop, na kile kicheko kikamtoka usoni.

OUSSEYNOU: Ehe, Diop. Ulikuwa unatania?

Diop alizungusha kikombe mkononi. Miaka yote waliyokaa pale hakuwahi kumwita Ousseynou kwa jina lake.

DIOP: Mtumwa wangu, we choma tu.

Wakacheka tena, ila kidogo. Dereva alishukuru akaenda zake. Ousseynou akasema atachoma baada ya Idi ya Tabaski, akishachinja kondoo wake na kumnyima Diop paja. Nilipoinamisha birika yalitoka machicha matupu, wakanyanyuka mmoja mmoja.

Mvua za kwanza zilinyesha, sukari haikupoa. Alizidiwa ghafla, akapoteza fahamu, na Tabaski haikumkuta. Diop ndiye aliyemwosha. Alipotoka alikaa mkekani mbele yangu, akaniambia, “Shemeji, sikuwa natania.” Nikamjibu kwamba najua. Sijui kama nilijua.

Ewe Mola, mghufirie Ousseynou mwana wa Ndèye Coumba. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru, umkutanishe na waja wako wema. Nasi tuliobaki tukiulizana, utupe subira. Amina.