Mzee Nzau Anaondoka Kabla ya Jibu

Na Mitchelle Luseno, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya Chama cha Sayansi

Mzee Nzau, mhudumu wa maabara yetu, anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Novemba 1996, baada ya miaka ishirini na sita.

Alikuja kutoka Wamunyu akiwa mchongaji wa vinyago. Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara, lakini patasi hakuiacha nyumbani. Alituchongea jua na sayari zake tisa, zikizunguka juu ya mikono ya waya. Wanafunzi kutoka mitaa yote ya Nairobi, kuanzia Huruma hadi mtaa wa Tena, wamejifunzia hapo kwamba sayari ndogo huumbika karibu na jua, na kubwa mbali, kwenye baridi, ambako malighafi ni tele.

Oktoba mwaka jana gazeti liliandika kwamba imegunduliwa sayari kubwa mno inayozunguka nyota yake kwa siku nne tu, karibu kabisa nayo. Mwalimu Nabiswa wa fizikia alikata habari hiyo, akafuta "siku" kwa kalamu nyekundu, akaandika "miaka", akaibandika ukutani. Nyingine za aina hiyo zilipogunduliwa, alirudi ukutani akajikata alama mbili mbele yetu.

Mzee Nzau yeye alichonga sayari kubwa, akaipachika kwenye waya mfupi. Iligonga jua, zote zikakwama. Kidato cha Pili wakamtania, "Mzee, si uipunguze kidogo?" Akawajibu kwamba hawezi kupunguza kitu ambacho hakukiumba yeye.

Tangu hapo alitaka kujua jambo moja kabla ya kustaafu: sayari kubwa hivyo ilifikaje karibu na nyota yake? Kwao, anasema, miti minene karibu na vibanda vya wachongaji imekwisha. Ukikuta kinyago kikubwa hapo, gogo lilitoka mbali. Anaamini sayari hiyo nayo iliumbika mbali, kisha ikasogea. Mwalimu anasema wapo wataalamu wanaofikiri hivyo, ila hakuna mwenye hakika. Kila Jumatatu Mzee alituuliza kama gazeti limeandika. Halijaandika.

Jumatano alituandikia ubaoni anwani yake ya posta, akasema hana haraka.

Mzee, hatujui itachukua miaka mingapi, wala ni nani kati yetu atakayekuwa miongoni mwa wanaotafuta. Mimi natamani sana niwe mmoja wao. Asante kwa miaka yote uliyotupa. Uwe na afya njema, mvua ifike shambani kwako kwa wakati, na kila ukipita posta, uliza kama kuna barua kutoka Nairobi.